Mwanangu aliondoka na kibali, amerudi mtoro

BARUA YA WAZI

Kwa: Wasimamizi wa elimu ya sekondari, ngazi ya shule, halmashauri na mkoa, Kigoma

Kwa: Waratibu wa mipango ya wanafunzi wa sekondari kusoma nje ya nchi kwa mwaka mmoja

YAH: WANAFUNZI WANAORUDI KUTOKA MASOMONI NJE KUNYIMWA NAFASI ZAO SHULENI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mzazi, mkazi wa Mwanga, Kigoma Mjini. Riziki yangu ni dagaa: nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, nasafirisha Tabora hadi Dar es Salaam. Sina mazoea ya kuyatoa ya nyumbani kwangu hadharani. Nilianza kwa kuja ofisini, nikasalimia, nikakaa kwenye benchi hadi nikaitwa, nikaeleza shida yangu. Nikaambiwa niandike. Nikaandika. Barua zikapokelewa, zikagongwa muhuri, nikapewa nakala. Shuleni walisema jambo hilo liko halmashauri. Halmashauri wakasema liko mkoani. Mkoani nikaelezwa, kwa upole kabisa, kwamba mwenye uamuzi ni mkuu wa shule. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikiendelea kuzunguka kimyakimya, binti yangu atazeekea nyumbani.

Habari yenyewe ni fupi. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu katika shule ya serikali ambayo sitaitaja, kwa kuwa sina nia ya kumchafua mwalimu yeyote. Alishindana na wenzake, akachaguliwa kwenda kusoma Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, gharama zikiwa juu ya mpango uliomchukua. Shule iliandika barua ya kumruhusu, mkuu wa shule akatia saini, na siku ya mstarini walimu walimpigia makofi mbele ya shule nzima. Aliondoka mwanzoni mwa Agosti. Alirudi Juni ya mwaka uliofuata, salama, na ripoti yake mkononi. Julai shule zilipofunguliwa nikamshonea sketi mpya, maana kimo kilikuwa kimemruka, nikampeleka darasani. Tukaambiwa hayumo. Ameondolewa kwa utoro.

Nilimwomba mwalimu wa darasa anionyeshe, naye akanionyesha bila hiyana. Alifunua daftari la mahudhurio la mwaka ule. Mstari wa mwanangu una vema za wino wa bluu mpaka wiki ya kwanza ya Agosti. Baada ya hapo ni alama nyekundu, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, kisha jina lote limepigwa mstari kwa rula, limenyooka vizuri. Kabati la mafaili lilikuwa nyuma ya kiti chake. Ndani ya kabati hilo kuna nakala ya kibali, yenye muhuri wa shule hiyohiyo. Niliuliza kama nakala ile ipo, akasema ipo. Basi.

Kabla ya kuendelea, nieleze kidogo mipango hii ni nini, kwa sababu mtaani kwetu nimesikia mengi: wapo wanaoamini watoto wanapelekwa kufanya kazi za ndani, na wapo wanaoamini ni matembezi ya watoto wa wakubwa. Unaofahamika zaidi nchini ni ule uitwao Kennedy-Lugar YES. Ulianzishwa mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na majina yake ni ya maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar. Huchukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Tanzania ikiwemo, na gharama hulipwa na serikali ya Marekani. Ipo na mingine ya zamani zaidi. AFS ilitokana na wajitolea waliokuwa wakiendesha magari ya wagonjwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu 1947 inabadilishana wanafunzi. Kwa yote hiyo utaratibu ni karibu mmoja: mtoto anaishi na familia iliyojitolea, ambayo hailipwi, anasoma shule ya sekondari ya pale mtaani, anafanya kazi za kujitolea, mwaka ukiisha anarudi kwao. Kanuni za Marekani zinataka kila mtu mzima katika nyumba ile achunguzwe rekodi zake za makosa ya jinai, na mratibu wa eneo awasiliane na mwanafunzi kila mwezi. Mimi mwenyewe, kabla ya kukubali, niliuliza haya yote hadi nikaonekana msumbufu. Kwa hiyo hoja ya usalama tuiache. Mtoto alitunzwa kule. Aliyekosa wa kumtunza ni huyu aliyerudi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kumwandika mtoro mwanafunzi mliyemruhusu wenyewe.

Utoro una maana yake katika faili la mwanafunzi. Unamfuata. Akiomba kuhamia shule nyingine, mkuu wa shule ya pili anaona kwanza doa hilo ndipo anamwona mtoto. Tayari shule nyingine mbili za jirani zimetukatalia, moja ikisema wazi kwamba haipokei "watoto wenye historia". Historia gani? Ya kwenda shule mbali zaidi kuliko mwalimu aliyesema hivyo?

Niseme kwa haki: simlaumu mwalimu wa darasa. Daftari alilopewa lina nafasi ya aliyepo, asiyepo, na mgonjwa. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mwanafunzi yuko masomoni nje kwa kibali. Alijaza alichopewa kujaza. Ninaowalalamikia ni nyinyi mlio juu yake, mliotoa kibali bila kumwambia mwenye daftari afanye nini nacho.

2. Kalenda mbili ambazo hakuna aliyekaa akazilinganisha.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka wa shule wa Marekani unaanza Agosti au Septemba na kuisha Mei au Juni. Wetu unaanza Januari na kuisha mwanzoni mwa Desemba. Mtoto anayeondoka Agosti akiwa kidato cha tatu anakosa karibu muhula wote wa pili wa mwaka huo, na muhula wote wa kwanza wa mwaka unaofuata. Anaporudi Juni, aliowaacha darasani wako kidato cha nne, usajili wa mtihani ulishafanyika tangu miezi ya mwanzo wa mwaka, na Novemba wanaingia kwenye chumba cha mtihani. Hawezi kuungana nao, na hakuna mzazi mwenye akili anayeomba hivyo. Mimi sijaomba.

Nilichoomba ni kidogo. Aliondoka muhula wa pili wa kidato cha tatu ukiwa umeanza tu. Amerudi siku chache kabla ya muhula wa pili kufunguliwa. Arudishwe kidato cha tatu, muhula wa pili, palepale alipoachia, akae na waliokuwa nyuma yake kwa mwaka mmoja. Atakuwa amechelewa mwaka, jambo tulilolijua na tulilolikubali tangu tunajaza fomu. Alama zake za muhula wa kwanza wa kidato cha tatu zipo. Matokeo yake ya upimaji wa kidato cha pili yapo. Hakuna pengo hata moja la kuziba ila hizo alama nyekundu.

Wanaosema "angesubiri amalize kidato cha nne ndipo aende" hawajaangalia kalenda. Kidato cha tano kinafunguliwa Julai, mipango hii inaondoka Agosti. Atakayekwenda baada ya kidato cha nne ataikosa nafasi ya kidato cha tano kama huyu alivyoikosa ya kidato cha tatu. Na umri haungoji: kanuni za Marekani kwa wanafunzi wa namna hii zinazungumzia miaka 15 hadi 18 na nusu siku ya kuanza. Watoto wetu wengi wa vijijini, wa Uvinza na Kakonko, wanaanza darasa la kwanza wakiwa wameshakua. Wakifika kidato cha nne, wameshapitwa.

3. Kumsukuma mtoto akafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Huu ndio ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine wowote: "Mama, mwache asome PC." Msichana wa miaka 17 aliyekuwa wa pili darasani aende kukaa na waliokwisha kumaliza wanaorisiti, atafute mwenyewe kituo, atafute mwenyewe maabara ya kufanyia kemia na biolojia, nami nilipe kwa kila hatua wakati Serikali imefuta ada kwa wenzake. Kwa sasa anakaa nyumbani. Anaazima madaftari ya wanafunzi wa kidato cha tatu jioni, anakopi, asubuhi anayarudisha kabla hawajaenda shule. Anawasaidia Kiingereza kwa malipo ya madaftari hayo. Hiyo ndiyo shule yake.

4. Wastani wa shule.

Hili halikuwahi kuandikwa kwenye barua yoyote, lakini nililisikia mlangoni wakati natoka: kwamba aliyekaa mwaka mzima bila kusoma mtaala wetu atakuja kutuangushia wastani. Naamini hii ndiyo sababu ya kweli, na nyingine zote ni pazia. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule 10 bora katika matokeo yaliyotoka Januari 2023, kwa maana liliona mashindano hayo hayana faida kwa mtoto. Lakini kwenye kuta za ofisi zetu chati za nafasi bado zipo, za wilaya na za mkoa, zimechorwa kwa kalamu za rangi. Shule ya umma haina ruhusa ya kuchagua wa kusoma kwa hofu ya chati. Na kama hofu ni ya kweli, mpimeni. Mpeni mtihani wa kidato cha tatu leo hii. Tumelisema hilo pia, halikujibiwa.

5. Matangazo yanayoishia Dar es Salaam.

Binti yangu alipata habari za nafasi ile kwa bahati, kupitia binamu yake anayesoma Dar. Shuleni kwao tangazo halikufika. Nimeuliza wazazi wenzangu wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe, hakuna aliyewahi kuliona. Kisha usaili, kisha maelekezo ya kuondoka, kisha mahojiano ya viza ubalozini, vyote viko upande ule mwingine wa nchi, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mwenzake wa Sinza anapanda daladala. Wetu anapoteza siku njiani, na msichana hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni za watu wawili, na chakula cha wawili, na mahali pa kulala wawili. Waratibu, hili ni lenu. Usaili mmoja mkifanyia Tabora mtakuwa mmewafikia watoto wa mikoa kadhaa, maana njia za huku zote zinapitia hapo.

6. Hati ya kusafiria na maswali ya uraia.

Wa Kigoma wenzangu mnalijua hili bila kuelezwa. Naandika kwa ajili ya wengine. Mtoto wa chini ya miaka 18 anapoombewa hati ya kusafiria, panatakiwa cheti chake cha kuzaliwa pamoja na uthibitisho wa uraia wa wazazi. Ni sawa. Serikali ina wajibu wa kujua inampa nani hati yake, na sisi tunapakana na Burundi, na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Tumeishi na kambi za wakimbizi, Nyarugusu, Nduta, kwa miaka mingi. Hakuna asiyeelewa.

Ila kwetu maswali hayaishii kwa wazazi. Niliulizwa babu yangu alizaliwa wapi. Nilijibu. Nikaulizwa nani anaweza kuthibitisha. Waliomjua babu yangu wamezikwa. Nikatafuta wazee wa kijiji, nikatafuta barua ya mtendaji, nikaapa mbele ya wakili, na bado nikaambiwa jina letu "lina mashaka", kana kwamba Muha anayeitwa kwa jina la Kiha ni jambo la kushangaza Kigoma. Ada ya hati ni shilingi 150,000 kwa kila Mtanzania. Kwetu hizo ndizo fedha ndogo katika safari nzima ya kuitafuta. Hati ilitoka siku zikiwa zimebaki chache mno kabla ya mahojiano ya viza, na najua mtoto mwingine wa mkoa huu, tena mwenye alama nzuri kuliko wangu, ambaye yake haikutoka. Nafasi yake akapewa wa akiba.

Najua ofisi inayotoa hati haiko chini yenu, waheshimiwa wa elimu. Lakini mnaweza kuandika barua. Mwanafunzi aliyesajiliwa katika PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, tangu shule ya msingi, aliyefanya mtihani wa darasa la saba na upimaji wa kidato cha pili chini ya namba ya Serikali, anastahili angalau barua ya ofisi yenu inayosema: huyu ni mwanafunzi wetu, amechaguliwa, tarehe ya mwisho ni hii. Mimi sikupewa. Niliomba, nikaambiwa hayo ni mambo ya mzazi.

7. Aliyojifunza hayana mwenyewe.

Hili halina uzito wa yale mengine, lakini linaniuma. Novemba Wamarekani wana wiki ya elimu ya kimataifa, na wanafunzi wageni huombwa kueleza habari za kwao. Binti yangu alisimama kwenye darasa la biolojia, akachora ramani ya ziwa, akaweka nukta ya Kigoma. Mwalimu akauliza kama ni karibu na Gombe. Anaijua Gombe! Anajua kwamba Jane Goodall alifika pale mwaka 1960, anajua sokwe waliotumia vijiti kuvulia mchwa. Mwanangu, anayeona boti za watalii zikitoka Kibirizi kila alipokuja kunisaidia kuanika, hakuwahi kukanyaga Gombe, na darasa lake hapa halikuwahi kupelekwa. Alirudi na wazo: waanzishe klabu ya sayansi, waombe ziara ya hifadhini, yeye awaandikie barua za Kiingereza. Alinieleza tukiwa bado uwanja wa ndege. Klabu ataianzishia wapi, jikoni kwangu?

Waheshimiwa, naomba nijibu mapema yale ambayo huenda mkayasema, kwa kuwa mengi nimeshayasikia.

Mtasema hakuna waraka unaoelekeza namna ya kuwapokea wanafunzi hawa. Lakini upo Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021, uliofungua mlango kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliojifungua, warudi katika mfumo rasmi. Ulikuwa uamuzi mzuri na mimi niliufurahia. Nina mpwa aliyerudi darasani kwa sababu yake. Sasa nielezeni: mlango huo unampitisha aliyeacha shule, unamfungiaje aliyekwenda shule?

Mtasema mfumo wa kompyuta haukubali. Mfumo huohuo unahamisha watoto kutoka Kigoma kwenda Mtwara kila siku bila kuwaita watoro. Aliyeutengeneza ni mtu, anapatikana, na anapokea maelekezo kutoka ofisi zilezile zinazoniambia haiwezekani.

Mtasema wanaokwenda ni wachache, haifai kuwawekea utaratibu maalum. Uchache wao ndio unaoifanya kazi iwe nyepesi. Ni karatasi moja.

Mtasema wakienda hawarudi, au wakirudi wanakuwa wameharibika. Kwa wanaolipiwa na serikali ya Marekani, masharti ya viza yenyewe yanawataka warudi kwao na kukaa miaka 2 kabla ya kuomba viza ya kazi au ya kuhamia kule. Wangu amerudi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Kuharibika nako ni neno la kumsemea mtu asiyekuwepo. Huyu yupo, mwiteni mumwone. Amejifunza kuuliza maswali kwa sauti, nakiri, na mwanzoni hata mimi yalinichosha. Darasani si kasoro.

Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa kwa uvuvi miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kwetu wafanyabiashara wa dagaa ilikuwa ngumu, sitadanganya. Ila tulitangaziwa mapema, tarehe ya kufungwa ikajulikana, ya kufunguliwa ikajulikana, na ilipofika kila mwenye leseni alirudi majini bila kuulizwa alikuwa wapi miezi yote hiyo. Hakuna aliyeandikwa kuwa ameacha uvuvi. Serikali iliyoweza kupanga hivyo kwa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 haishindwi na daftari la mahudhurio.

Ninayoomba ni haya, na nimeyapanga kwa kadiri ya uharaka wake.

Kwanza, jina la binti yangu lirudishwe kidato cha tatu katika shule aliyokuwa akisoma, na alama ya utoro ifutwe kwa maandishi, nipewe nakala. Lifanyike ndani ya muhula huu, ili Januari watakapoanza kusajiliwa watahiniwa wa kidato cha nne awe ndani. Likipita hapo, atapoteza mwaka wa pili, na huo hautakuwa umesababishwa na Marekani.

Pili, toeni utaratibu wa maandishi kwa shule zote za sekondari za mkoa: mwanafunzi anayekwenda nje kwa kibali anabaki kwenye daftari na kwenye mfumo kama mwanafunzi aliye masomoni nje, na akirudi anaanzia muhula ule alioachia, bila kuomba upya. Mkuu wa shule akiondoka, atakayekuja aukute.

Tatu, kila anayerudi apewe mwalimu mmoja wa kumsimamia kwa muhula wa kwanza. Historia ya Marekani aliyosoma haitamsaidia kwenye mtihani wa taifa, na anahitaji mtu wa kumwonyesha mada zilizompita. Mwalimu wa taaluma yupo. Aongezewe jukumu hilo.

Nne, waratibu, tangazo lifike kwa barua katika kila shule ya sekondari, zikiwemo za kata, na usaili mmoja ufanyike Kigoma au Tabora kila mwaka. Na mtoto akirudi, msiishie kumpokea uwanja wa ndege na kumpa cheti. Fuatilieni shuleni kwake hadi aonekane ameketi kwenye dawati. Familia ya kule ilikuwa ikipigiwa simu na mratibu kila mwezi. Mimi tangu arudi sijapigiwa na mtu.

Tano, ofisi ya elimu iandike barua ya utambulisho kwa kila aliyechaguliwa, iende moja kwa moja kwa wanaotoa hati za kusafiria, ikitaja tarehe ya mwisho.

Sijaomba fedha wala upendeleo kwenye mtihani. Nikipata jibu la hapana, nalipokea, mradi liwe la maandishi, lenye saini na sababu, ili nijue naupeleka wapi mguu unaofuata. Nipo tayari kuja ofisini siku yoyote mtakayonipangia, isipokuwa asubuhi ya mnada.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama mzazi,
Mwanga, Kigoma

Nakala:
Mwenyekiti wa bodi ya shule
Diwani wa kata
Mbunge wa jimbo
Wazazi wenye watoto waliochaguliwa kuondoka Agosti ijayo